Kamba mbili zimefungwa kwenye bomba moja la tenki, hizo ni mbili au ni moja?

KijanaWaKioo

Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Mi niko Dar, naosha vioo vya maghorofa kwa kamba, huu mwezi wa tano sasa. Kabla ya hapo nilikuwa napaka rangi kwenye majukwaa ya chini chini, ghorofa mbili tatu, akaniita kontrakta mmoja akasema we huogopi kimo njoo nikufundishe. Mafunzo yenyewe siku mbili kwenye jengo la ghorofa 4, siku ya tatu nikashushwa kutoka ya 12. Tulianza na kamba moja na kiti cha ubao. Mwezi uliopita mteja mmoja maeneo ya Posta akasema bila kamba mbili hakuna mtu anashuka kwenye jengo lake, bosi akanunua kamba za pili, mikanda ya mwili mzima na kile kifaa cha bakapu kinachotembea na kamba kikisikia umeanguka kinang'ata. Kwaiyo sasa kila mtu ana kamba mbili, hapo nashukuru.

Tatizo langu liko juu kwenye paa. Wiki ijayo tuna jengo la ghorofa 18, juzi nimepanda kuangalia. Paa ni zege bapa, ukuta wa ukingoni unafika kiunoni na juu yake wameweka malumalu yenye kona kali, kuna tenki kubwa la maji la plastiki juu ya stendi ya chuma, mabomba, mashine za AC na kile chumba cha mashine ya lifti. Bosi anasema kamba zote mbili tufunge kwenye bomba la stendi ya tenki maana tenki ni lita 5,000, likijaa ni tani 5, haliendi popote. Na kweli tani 5 ni uzito. Lakini moyo unakataa, usiku nalala naliona hilo bomba. Likichomoka si zinakuja zote mbili na mimi? Nikimuuliza anasema umeanza uoga. Nina mke na mtoto wa miezi 7, kazi sitaki kuacha maana inalipa kuliko rangi, ila nataka nikisimama mbele yake niwe na cha kusema. Naombeni msaada wenu.

Rufu254

Ndugu hizo ni moja. Mbili ni mpaka juu pia ziwe mbili, kila kamba na mahali pake pa kufungwa.

Mimi niko Nairobi na nakupa yangu. Tulikuwa tunaosha jengo moja Upper Hill, watu watatu wako chini kwa ukuta na juu hatukuacha mtu, tuliona kamba zimekaza tukatosheka. Keateka akapanda na fundi wa maji kubadilisha paipu, akakuta kamba zetu zimepita njiani, akafungua moja akaisogeza kando ndio apitishe paipu. Hakuwa na ubaya, kwake ilikuwa tu kamba imefungwa kwa chuma. Ile alifungua ilikuwa bakapu ya mwenzangu. Angefungua na ya pembeni yake mwenzangu angeanguka. Tangu siku hiyo mlango wa paa tunafunga, tunaweka kibao, na mtu mmoja hatoki juu hata kama ni saa ya chai.

Kama uko huku Kenya sheria ya 2007 ya usalama kazini inasema ukiripoti hatari kubwa kwa mkubwa wako hawezi kukurudisha hapo mpaka airekebishe. Kwenu Tanzania mna sheria yenu ya 2003 na ofisi ya usalama kazini, OSHA, wa huko watakwambia vizuri.

MTangaUghaibuni

Kaka salaam, naandika kutoka Dubai ila kwetu Tanga. Kazi hii nimeifanya miaka 11, nina cheti cha IRATA daraja la 3. Kwa wasiowajua, hao ni chama kilichoanzia Uingereza miaka ya 80 mwishoni, makampuni yaliyokuwa yanatumia kamba kwenye majukwaa ya mafuta baharini yalikaa pamoja yakaweka taratibu. Daraja la 1 ni mafunzo ya siku nne na mtihani siku ya tano, na huruhusiwi kufanya kazi bila kusimamiwa na mtu wa daraja la 3. Kupanda kila daraja lazima uwe na angalau miezi 12 na saa 1,000 za kamba zilizoandikwa kitabuni na kusainiwa, na kila miaka mitatu unarudi kwenye mtihani. Siandiki hivi kukudharau na siku zako mbili, naandika ujue kwamba unachouliza wewe ndicho kitu cha kwanza kabisa tunachofundishwa, kwaiyo huo sio uoga.

Sasa tuje kwenye tenki. Tani 5 za bosi ni za alfajiri. Watu wakiingia ofisini wakaanza kutumia vyoo mpaka saa sita mchana unakuta liko nusu, siku maji yamekatika liko tupu, na tenki tupu la plastiki mnaliinua watu wachache tu. Wewe umening'inia humo humo saa sita mchana. Halafu uzito wa tenki unasukuma chini wakati wewe unavuta kwa pembeni, ni vitu viwili tofauti. Angalia miguu ya hiyo stendi kama imefungwa kwa bolti kwenye zege au imekaa tu, angalia yale maungio ya kuchomelea pale chini ambapo maji hudondoka kila siku, ukikwaruza rangi na ufunguo ikatoka kutu ya magamba usiendelee hata kuuliza. Bomba la maji, ngazi ya chuma, nguzo ya dishi na stendi ya AC ndio usivitazame kabisa.

Wewe umesema kuna chumba cha mashine ya lifti. Hapo ndipo mimi ningeanzia. Muombe injinia wa jengo akuthibitishie zipi ni nguzo za zege za jengo na upi ni ukuta wa tofali umepigwa plasta, maana kwa macho vinafanana. Nguzo ya zege ya jengo unaizungushia slingi, yaani kitanzi cha kufungia, ya waya au ya mkanda mpana, chini kabisa karibu na sakafu, na kona za nguzo unaziwekea kitu kizito zisikate slingi. Kamba ya kazi nguzo moja, kamba ya bakapu nguzo nyingine. Kama nguzo haziko sawa na dirisha unaloshukia, unaweza kutoa miguu miwili kwenye nguzo mbili ikakutana katikati kama herufi V, ila angalia upana wa ile V. Ikiwa nyembamba kila mguu unabeba zaidi kidogo ya nusu yako. Ikifunguka mpaka nyuzi 90 kila mguu unabeba kama asilimia 70. Ikifika 120 kila mguu unabeba uzito wako wote, na ukizidi hapo unabeba kuliko uzito wako. Watu wanadhani wamegawana mzigo kumbe wameuzidisha.

Kitu kingine, na hiki naomba ukisome mara mbili. Umesema juu ya ukuta kuna malumalu yenye kona kali na kamba zako mbili zitapita hapo. Hata ukizifunga nguzo mbili tofauti, zikipita juu ya kona ileile bila kinga umerudi kuwa na kamba moja. Kamba za kazi yetu zinanyumbuka kidogo, na ukishuka ghorofa 18 ule urefu wote unavutika na kurudi kila ukijisukuma kwenye kioo, kwaiyo pale ukingoni kamba inakwenda na kurudi kama msumeno na wewe huko chini husikii chochote. Weka roli za ukingoni kama mnazo, kama hamna zulia nene lililokunjwa mara mbili tatu na turubai juu, kila kamba na kinga yake, na hiyo kinga ifungwe yenyewe isiteleze. Nafasi kati ya kamba na kamba iachwe. Na hayo malumalu yenyewe yatikise kwa mkono, kuna mengi yamekaa kwa saruji iliyokufa, likishuka linakuja moja kwa moja kwenye kofia yako.

Bakapu unaitembeza ikiwa wapi? Wengi wanaiacha inaning'inia chini ya kiuno. Iweke juu, usawa wa bega kwenda juu, ili kamba kuu ikiondoka usianguke masafa kabla haijang'ata. Na ukikaribia ardhi kumbuka kule kunyumbuka, kamba ya mita 60 ikibeba mtu ghafla inaweza kuongezeka mita nzima au zaidi, kwaiyo ghorofa mbili za mwisho ambazo watu wanaona wameshafika ndizo bakapu inaweza kukamata na bado ukagonga lami. Hapo shuka taratibu.

Mwisho wa kila kamba piga fundo la kuzuia hata kama kamba inagusa chini. Ndoo na skwiji, ile raba ya kukaushia kioo, zifungwe kwenye mkanda, kitu cha zaidi ya kilo 8 kiwe na kamba yake chenyewe, na chini zungusha utepe mpana watu wasipite. Halafu nyie mna mpango gani mtu akikwama? Nani anamfuata?

Mzoefu_Kkoo

Mkuu wa Dubai nimekusoma, ila mi nataka niseme kwa upande wetu. Nimeshuka kamba moja miaka 9, mabango na maghorofa ya Kariakoo yote nayajua, sijawahi kuanguka. Ukimwambia kijana lazima awe na roli, slingi za waya, nguzo mbili na mtu wa kukaa juu, kontrakta atampa kazi mwingine kesho asubuhi. Sisi tunajua kufunga. Fundo likiwa zuri kamba moja inatosha, na bei za kazi huku mnazijua wenyewe.

MTangaUghaibuni

Kaka Mzoefu nakuheshimu na najua bei za huko maana nilianzia hukohuko kabla ya kuvuka. Fundo lako sina shaka nalo. Lakini kamba haikatiki kwenye fundo tu, inakatikia kwenye kona ambayo iko mita 40 juu ya kichwa chako na huioni, na ujuzi wako wa miaka 9 uko chini kwenye kiti. Kamba ya aina yetu ikiwa mpya, ile ya kiwango cha EN 1891 aina A, inatakiwa kushika kilonewtoni 22, ni kama tani 2 na ushee, na ikiwa na fundo 15, yaani tani moja na nusu. Wewe na ndoo yako hamfiki kilo 120. Kwaiyo kwa uzito haitakatika, na ndio maana miaka 9 imekushika. Kwenye kona kali ya bati au kioo mita chache za kuburuzika zinatosha, na hapo tani 2 hazina kazi.

Kuhusu bei, mteja wa Posta alipokataa kamba moja kontrakta alinunua ya pili ndani ya mwezi. Kijana kasema mwenyewe hapo juu. Wateja nao wanaweza kusema.

MzeeWaGati

Vijana hamjambo. Mimi nilikuwa rigeri bandarini, mfungaji wa kamba za kunyanyulia mizigo, na kabla yake nilikaa melini, huko mtu wa kukutuma juu ya mlingoti na kiti cha ubao alikuwa serahangi, na serahangi mwenye akili hakukupa kamba kabla hajaifumbua nyuzi akatazama ndani. Enzi hizo ni katani na manila, katani ikilowa na kukaa gizani inaoza kutoka ndani, nje unaiona nzima. Nailoni haiozi hivyo ndio mkaacha kutazama.

Namuuliza huyu kijana, kamba zenu mnazibebea wapi? Maana naziona hapa mjini ziko nyuma ya kirikuu pamoja na betri ya gari, madumu ya asidi ya kuoshea vigae na petroli ya jenereta. Nailoni na asidi hazikai pamoja. Maji ya betri yakigusa kamba hayaachi doa la kukutisha, kamba inabaki na rangi yake na ulaini wake, nguvu imekwenda. Na hapo mzee anawaambia jambo, mkiwa mmebeba kamba mbili kwenye gunia moja zikalowa dumu moja, hizo nazo ni moja. Kila moja na mfuko wake, na dumu lisipande gari hilo. Kamba isiyojulikana ilikopita ikatwe vipande vifupi vya mita mbili ili asije mtu akaiokota akapandia.

Na ukague kwa vidole kila asubuhi, futi kwa futi, ukiikunja. Ikiwa na mahali pagumu, pamevimba, pamepooza au ganda linateleza juu ya kiini, hiyo haipandi.

KijanaWaKioo

Shikamoo mzee. Yaani umeniona kama ulikuwepo. Tunabebea kirikuu na dumu la asidi liko humo humo kwa ajili ya kutoa madoa ya saruji. Kesho naanza na hilo.

Kaka wa Dubai kuhusu kukwama, hatuna mpango. Bosi anasema akikwama mtu tunapiga simu zimamoto.

NesiWaDharura

Kaka samahani naingilia, mimi ni muuguzi wa kitengo cha dharura, ya kamba siyajui ila hilo la kusubiri simu nalijua. Mtu anayening'inia kwenye mkanda bila kusogeza miguu damu inabaki miguuni, hairudi vizuri kwenye moyo, anaweza kuzimia ndani ya dakika chache hata kama hajaumia popote, na akishazimia akiwa wima njia ya hewa nayo iko hatarini. Gari kutoka kituoni hadi mjini saa za foleni, wapande ghorofa 18, wajue pa kufunga, hizo dakika hamna. Lazima wa kumshusha awe mmoja wenu aliyeko pale pale. Akiwa bado ana fahamu mwambieni asukume ukuta kwa miguu au akanyage kitanzi cha kamba, miguu ifanye kazi.

Alafu kuna kitu bado kinafundishwa, kwamba akishushwa asilazwe, aketishwe nusu saa kwanza. Huo ushauri ni wa zamani, mapitio ya HSE, mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza, mwaka 2009 hayakuona ushahidi wake. Mlazeni, angalieni anapumua, fanyeni huduma ya kwanza ya kawaida na mleteni hospitali hata akisema yuko poa.

MTangaUghaibuni

Asante sana dada. Kijana, kwa hilo kuna namna rahisi ya kufunga toka mwanzo. Badala ya kumalizia kamba ya kazi kwa fundo kule juu, unaipitisha kwenye disenda nyingine, yaani kifaa kama kile unachoshukia kwenye kamba, iliyofungwa kwenye slingi ya nguzo, unaifunga kabisa na kuacha kamba ya ziada juu inayotosha kufika chini. Bakapu nayo hivyo hivyo. Mtu akizimia, aliyeko juu anafungua disenda anamshusha mzima mzima mpaka chini bila mtu mwingine kutoka nje ya ukuta. Ndio maana mtu wa juu hawezi kuwa mlinzi wa jengo au mtoto wa bosi aliyekuja likizo. Fanyeni mazoezi kwenye jengo la ghorofa 2 na gunia la mchanga kabla, mara nyingi mpaka mikono izoee.

Na mtu wa juu mwenyewe awe amefungwa kabla hajasogelea ukingo. Unavaa, unaunganisha bakapu kwanza, halafu kamba ya kazi, mwenzako anakukagua kwa mkono sio kwa macho, karabina zote, zile pete za chuma za kuunganishia, zimefungwa, ndio unavuka ukuta.

KijanaWaKioo

Wakuu narudi na mrejesho, samahani nimechelewa siku tano.

Nilipanda tena na injinia wa jengo, mtu mzima mstaarabu sana. Stendi ya tenki haina bolti hata moja, miguu imekaa juu ya matofali, na mguu mmoja kwa chini umeliwa kutu mpaka kidole kinaingia. Nikapiga picha. Chumba cha lifti kina nguzo nne za zege, akanionyesha kwenye ramani, na ukuta wa upande wa bahari ambao mi ningeuzungushia slingi bila wasiwasi ni tofali tupu.

Bosi nilimpelekea picha ya ule mguu, sikumwambia neno la mitandaoni. Aliangalia muda mrefu. Akauliza slingi bei gani. Alikuja kukubali kabisa baada ya meneja wa jengo kumuomba mpango wa maandishi na kumuuliza kama tumesajiliwa WCF, hilo la mfuko wa fidia anachangia mwajiri sisi hatukatwi na mi nilikuwa sijui. Kazi imesogezwa kutoka Jumanne hadi Jumamosi. Tumepata slingi nne, roli mbili za ukingoni za kuazima na zulia, disenda za kufungia juu zimepatikana mbili tu kwaiyo tunashuka mmoja mmoja badala ya watatu, bosi kanuna lakini kakubali. Kamba mbili za zamani zilizokuwa zinakaa na dumu nimezikata mwenyewe vipande vya mita mbili kama alivyosema mzee, mojawapo ilikuwa ndio yangu ya kila siku.

Gunia la mchanga tumelishusha mara 14 kutoka ghorofa ya pili. Mara ya kwanza lilituponyoka likadunda.

Leo ndio ilikuwa siku ya kwanza. Kusi ilivuma kuanzia saa nane ndoo ikaanza kugonga kioo tukasimama. Sijashuka, nimekaa juu siku nzima karibu na nguzo mbili nimeshika redio, mlango wa paa nimefunga kwa ndani. Saa tano alikuja fundi AC akagonga anataka kupita, nikamwambia kaka subiri mtu wangu afike chini, akasubiri.